Machozi ya Shavu la Kushoto

"Kaka, pole sana. Mzee tumempoteza."

Mwanafunzi aliyesema hivyo alisimama wima, mikono nyuma, kama anayesubiri kuchapwa. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki, mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa vizuri aliinua uso taratibu. Hakulia papo hapo. Alimwacha binti wa watu ahangaike kidogo, kisha akashusha macho mpaka kwenye miguu yake mwenyewe.

"Nilikuwa naye," akasema. "Nimetoka sasa hivi tu. Viatu vilikuwa vinanibana, nikasema nikae pale kwenye benchi nivivue, nipumzishe vidole. Baba yangu anakata roho, dada, mimi navua viatu."

Chozi moja likatoka jicho la kushoto, likateremka mpaka pembeni ya mdomo, likatulia hapo. Shavu la kushoto ndilo lililomwelekea mwanafunzi. La kulia lilikuwa kavu, na pua ilikuwa kavu vilevile. Aliyelia kwa fujo ni mwanafunzi, makamasi na vyote, mpaka akasahau kumpa mfiwa kitambaa, na kwa kosa hilo akapoteza maksi.

Msishtuke, hakuna aliyekufa. Ulikuwa mtihani wa chuo cha uuguzi, somo la kutoa habari mbaya, na yule mfiwa alikuwa mgonjwa bandia, yaani mtu anayelipwa aumwe au afiwe ili wanafunzi wajifunzie kwake kabla hawajaachiwa watu wa kweli.

Mtaani wanamwita Mfalme. Jina alilipata enzi za ukumbi wa maigizo, alipokuwa anavaa taji la bati na kuuawa kila Jumamosi mbele ya watu waliolipa kiingilio. Kisha mwenye jengo akaliuza. Leo pale jukwaani wamepanga vitanda na magodoro. Siku moja alipita akaona bwana na bibi wanarukaruka juu ya godoro wakilijaribu, mahali palepale alipokuwa akikata roho watu wanapiga makofi. Akaenda zake nyumbani akalala mchana kutwa.

Hakukaa bure, hilo tumpe. Kila asubuhi alipasha sauti chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Alijitungia vipande vya mtu mmoja akavicheza mbele ya kioo cha kabati. Alikaa kwenye foleni za benki na za zahanati akisoma watu: jinsi aliyepoteza funguo anavyopapasa mfuko uleule mara tatu tatu, jinsi aliyepewa habari mbaya anavyouliza saa ngapi. Shida ni kwamba hakujua pa kuacha. Chochote alichoambiwa, kwake kilikuwa malighafi. Na alijijua. Alikuwa anajitania mwenyewe kwamba hata msibani angehesabu nani analia vizuri. Akadhani kujijua ndiyo kutubu, akaishia hapo.

Kazi ya mgonjwa bandia aliionea haya. Mtu aliyewahi kuamrisha majeshi, leo analala kitandani kwa watoto wa chuo na kusema tumbo linauma upande wa kulia. Mchumba wake ni nesi, wodini wote wanamwita Sista, na Mfalme alimwambia kwamba chuoni anafundisha sanaa za jukwaa. Sista akafurahi, akamwambia shangazi yake, na shangazi akaanza kutembea na neno "mwalimu" mdomoni kama pipi. Jumapili hiyo ndiyo Mfalme alitakiwa aende kwa huyo shangazi, wapange habari ya ndoa.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoingia. Siku ya mtihani hospitali, iliyo jengo moja na chuo, hutuma wauguzi wazoefu waje kutoa maksi. Wanakaa nyuma ya pazia, wakitazama kwenye upenyo, ili wanafunzi wasiwaogope. Asubuhi ile aliyepangwa aliugua, na huyo aliugua kweli, akatumwa Sista mbio mbio achukue nafasi. Alipoisikia sauti ya mchumba wake upande wa pili wa pazia alitabasamu. Akajua mwalimu anawaonyesha wanafunzi mfano. Kisha akasikia habari ya viatu.

Maana viatu vile vilikuwa vyake. Baba yake alilazwa hospitali hiyohiyo anayofanyia kazi, na familia nzima ilimwachia yeye mgonjwa, si ndiye nesi wetu. Akakesha naye, akamlisha, akamgeuza. Siku ya mwisho miguu ilimvimba, akatoka kidogo kwenye korido avue viatu, na aliporudi mzee hayupo. Kwa watu ikaja kusimuliwa kwamba alikufa ameshikwa mkono na bintiye, na yeye hakukanusha. Mtu mmoja tu duniani aliambiwa ukweli. Ndiye aliyekuwa anautolea chozi kwenye kiti cha plastiki.

Wanafunzi waliingia mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeingia alipewa maneno yaleyale, pumzi ikikatika palepale baada ya neno "nivivue". Sista hakuweza kutoka, kazi ni kazi. Alijaza maksi mpaka wa mwisho, akatia saini, ndipo akavuta pazia.

Mfalme alimwona, taji likaanguka. Lile la bati alishaliuza zamani. Nasema lile alilokuwa bado analivaa kichwani.

Mratibu wa mtihani, mama mmoja mchangamfu mwenye miwani kwenye kamba, hakujua kinachoendelea. Akaja anapiga makofi kidogo.

"Umemwona kijana wetu? Hiyo ya viatu tumeiweka kabisa kwenye maelezo. Muhula ujao wagonjwa bandia wote wataisema."

"Ni nzuri," Sista akasema. "Ameitoa wapi?"

"Kichwani kwake. Ndiyo kipaji hicho."

Sista akamgeukia Mfalme, akampa nafasi aseme. Alikuwa na nafasi nzuri kabisa, ndugu zangu. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni tabasamu, lile la mtu anayepokea sifa. Aibu ya tabasamu hilo ndiyo iliyokuja kumla baadaye kuliko aibu nyingine zote.

Alimkimbilia Sista koridoni akamkuta dirishani.

"Kumbe mwalimu," Sista akasema.

"Niliona haya kukwambia. Mtu mzima nalipwa kuumwa tumbo."

"Ungeniambia ningecheka, tungecheka wote, yangeisha. Kazi yako sina shida nayo."

"Naomba nieleze."

"Unakumbuka siku niliyokwambia? Nilikuomba ugeukie ukutani, kwa sababu nisingeweza kusema huku unanitazama. Ukageuka. Nikakuona mtu wa maana sana. Kumbe huko ukutani ulikuwa unakariri."

"Sikukariri."

"Kila neno lipo. Hata kupumzisha vidole lipo."

Mwili wa Mfalme ukafanya unachojua. Chozi likatoka jicho la kushoto, likaanza kuteremka.

"Hilo lifute," Sista akasema. "Nimelitazama asubuhi nzima."

Akalifuta haraka. Wakati analifuta akagundua kwamba alikuwa amesimama mahali ambapo mwanga wa dirisha unampiga vizuri usoni, na kwamba alipachagua bila hata kufikiri. Akatamani ardhi ipasuke.

"Sikuchukii," Sista akasema kwa sauti ya chini. "Ila niambie nitajuaje. Siku tukizika mtu wetu, siku mtoto akiugua, nikikutazama unalia, nitajuaje kama unalia au uko kazini?"

Sista akaingia kwenye lifti ya wagonjwa na kitanda kilichokuwa kinashushwa, milango ikafungwa.

Jioni Mfalme aliandika ujumbe mrefu. Aliufuta, akauandika upya, akapunguza hapa, akaongeza pale, mpaka ukawa ujumbe ambao hata mimi ningeusamehe. Jibu likaja:

"Umeandikwa vizuri."

Halafu la pili:

"Jumapili usije."

Akasimama mbele ya kioo cha kabati ajaribu namna ya kuomba msamaha. Mara ya kwanza sauti ilikuwa juu mno. Mara ya pili mikono haikujua pa kukaa. Alipofika mahali pa kupiga goti akajiona anavyochagua goti, akachukua shuka akafunika kioo. Chumba kikawa kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ufungwe alikaa bila kumtazama mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, na hapo ndipo aibu ilipompata vizuri. Akajiuliza ni tangu lini hajamsikiliza mtu bila kujiwekea akiba.

Kesho yake akaenda kwa mratibu, akaomba yale maneno ya viatu yaondolewe. Mratibu akadhani anatafuta nyongeza, akamweleza habari za bajeti. Mfalme akasema hataki kitu, maneno si yake, ya mtu aliyempa ayatunze. Mratibu akavua miwani. Alitaka kujua nani mwenye miliki ya kuvua viatu, watu wanavua kila siku.

"Nilikudanganya kwamba nimetunga," Mfalme akasema. "Sikutunga. Niliiba."

"Na mimi niliyekusifia mbele ya bodi?"

"Waambie umedanganywa."

Mratibu akachukua kalamu akafuta mistari ile kwa hasira, kisha akabaki anatazama pengo. Aliuliza, bila kumwangalia, sasa mfiwa aseme nini. Mfalme akafikiri. Alikuwa na maneno mengi, aliyatafuta yote akayaacha.

"Asiseme kitu," akajibu. "Anyamaze tu. Mwanafunzi ajifunze kukaa na mtu aliyenyamaza, amtazame kweli. Ni ngumu kuliko kumbembeleza anayelia."

Mratibu akaandika. Ilikuwa nzuri, na wote wawili walijua. Lakini kuhusu kazi alimwambia watampigia simu, na Mfalme ameishi jukwaani vya kutosha kujua maana ya kupigiwa simu.

Simu iliyopigwa ilikuwa nyingine. Jumapili asubuhi.

"Mwalimu," sauti ya shangazi ikasema, "mbona naambiwa leo huji?"

"Shikamoo, shangazi. Ni kweli, siji."

"Marahaba. Nimeshaazima viti. Utakuja ukae kwenye kimoja, halafu utaniambia mwenyewe kwa nini huji."

Mtu wa kumkatalia shangazi yule hajazaliwa. Mfalme akaenda na shati la kawaida, na njiani alijizuia asipange cha kusema.

Sebule ya shangazi ina makochi yenye vitambaa vya kufuma, kila kochi na kitambaa chake, na ukutani picha ya marehemu baba yake Sista amevaa tai iliyopinda. Sista alikuwa amekaa chini ya picha, macho kwenye zulia. Shangazi hakungoja. Akaanza na sifa za ukoo, na kama kawaida yake akafika kwa marehemu kaka yake: mtu aliyekufa vizuri, binti yake amemshika mkono. Mfalme akamwona Sista anavyokunja vidole vya miguu ndani ya ndala. Kabla hajajua anasema nini akasema.

"Shangazi, mimi si mwalimu. Mimi ni mgonjwa bandia."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nalipwa niumwe, wanafunzi wajifunze."

Shangazi akatafakari jambo hilo. Akasema kama ni hivyo basi magoti yake yangekuwa yameshamjengea nyumba. Hakuna aliyecheka, akaona kweli kuna jambo.

"Na hata hiyo kazi sina tena," Mfalme akaendelea. Sauti yake ilikuwa ndogo, inakwama, na maneno yalikuja bila mpangilio. "Nilichukua kitu. Cha mwanao. Bila kumwomba. Nikakitumia huko kazini, watu wakanisifu. Nimekirudisha, lakini, yaani, hakirudi vile."

"Kitu gani?"

Mfalme akatikisa kichwa.

"Pesa?"

"Hapana."

"Simu? Dhahabu ya mama yake?"

"Siwezi kusema, shangazi. Si changu kukisema."

Shangazi akasimama. Alimweleza, bila kupandisha sauti, kwamba mwongo angeweza kumvumilia, wanaume wengi wanaanza hivyo, ila mwizi hapiti mlango wake mara mbili. Akamwonyesha mlango. Na Mfalme, ambaye angeweza kujitetea kwa sentensi moja tu, akainama, akaomba radhi, akaelekea mlangoni akiwa mwizi wa dhahabu. Hakugeuka kutafuta nani anamtazama.

"Shangazi, kaa," Sista akasema.

"Sikai. Mpaka atoke."

"Alichochukua ni maneno yangu." Sista alikuwa bado anaongea na zulia. "Sikumshika baba mkono. Nilikuwa koridoni. Viatu vilinibana, nikatoka nikavivue, nikasema dakika moja tu nitarudi. Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Miaka yote hii unanisifu na mimi nanyamaza."

Hapo ndipo shangazi alipokaa, taratibu, akishikilia magoti yake.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ulirudi wodini pekupeku, mwanangu. Nesi mzima, na gauni lako jeupe, pekupeku kwenye sakafu ya hospitali. Mimi ndiyo nilikuwa nafika. Nikaenda pale kwenye benchi nikachukua viatu vyako nikavitia mkobani, watu wasikuulize. Unadhani nyumbani vilifikaje, vilitembea?"

Sista akainua uso.

"Na mkono? Kila siku unasimulia nilimshika mkono."

"Si ulimshika? Uliingia ukaushika, ukauweka shavuni, ulikuwa bado wa moto. Nilikuona kwa macho yangu. Mimi nasimulia kuanzia pale nilipokuona. Ya kabla ya hapo sikuwepo, nitayasimuliaje?"

Sista akalia. Alilia akiwa ameshika miguu yake, na shangazi akahamia kochi lake akamlaza mapajani kama zamani.

Walipokuja kukumbuka kwamba kuna mtu mlangoni, walimkuta ameelekea ukutani. Paji la uso limegusa ukuta, mabega yanaruka.

"Geuka," Sista akasema.

Akatikisa kichwa.

"Nimesema geuka."

Akageuka. Jamani, haikuwa sura ya kuonyesha watu. Macho yote mawili mekundu, pua inamiminika mpaka kwenye ndevu zilizochongwa, mdomo umepinda upande, na kutoka kooni kunakuja mlio fulani wa kwikwi ambao hakuna mwongozaji angeuruhusu jukwaani. Alikuwa anajaribu kujificha kwa kiwiko na kiwiko hakitoshi.

Sista akamtazama kwa makini, shavu la kushoto, shavu la kulia, kama anayetafuta kosa.

"Jukwaani hulii hivi."

"Hapana."

"Unalia vibaya sana."

"Najua. Samahani."

"Nilikuuliza nitajuaje," Sista akasema. "Basi nimejua."

Shangazi, ambaye habari za mtihani hakuwa amezisikia wala hakutaka kuzisikia, akasema yeyote kati yao amsaidie huyo mtu kabla hajamchafulia ukuta, na viti vya watu vinarudishwa jioni, kama kuna ndoa ipangwe na kama hakuna waseme. Sista akavuta kitambaa cha kufuma kutoka kwenye mgongo wa kochi, akavuka sebule pekupeku, ndala amezisahau chini ya picha ya baba yake.

"Chukua," akamwambia. "Nisije nikapoteza maksi."